Mtwara Linawaka, Newala Linagoma

Salfa haisubiri jua. Unga unapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado umekaa kwenye majani na upepo haujaamka. Ukichelewa, kusi inaanza kuvuma na salfa yako yote inakwenda kutibu mikorosho ya jirani. Ndiyo maana saa kumi na moja kasoro robo vijana wanne walikuwa wameshapanda nyuma ya pikapu, mabomba ya kupulizia wameyapakata, mifuko ya salfa imefunikwa turubai, na mmoja wao amejitanda kanga ya mama yake hadi masikioni. Nikaingia, nikavuta mlango, nikazungusha ufunguo.

Stata ilizunguka vizuri tu. Ikazunguka, ikazunguka, na nyuma ukaanza kutoka moshi mweupe, mzito, wenye harufu ya dizeli mbichi inayowasha macho. Vijana wakaanza kukohoa. Injini nayo ikakohoa mara moja, ikatetemesha gari zima, ikanyamaza. Nikajaribu tena, na tena. Kufikia mara ya nane betri ilikuwa inalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango.

Gari liliwaka saa moja na dakika ishirini, jua likiwa limeshapiga boneti. Kusi ilikuwa inavuma. Siku hiyo hatukupuliza hata mche mmoja, na vibarua niliwalipa, maana wao walikuja.

Mtu wa Njombe atacheka akisikia nalalamikia baridi ya Newala. Acheke. Sisi tuliozoea joto la Mtwara mjini, mwezi wa saba juu ya uwanda wa Makonde tunavaa sweta. Ukisimama pale Shimo la Mungu alfajiri, bonde lote la Ruvuma limejaa ukungu, huoni chini. Baridi hiyo haiwezi kumuua mtu, lakini injini ya dizeli yenye umri wa miaka thelathini na madhambi yake ya siri inaiona.

Gari lenyewe ni Hilux ya mwaka 1994, injini ya aina inayoitwa 3L, silinda nne, lita 2.8. Halina kompyuta hata moja, na hilo ndilo lililonifanya nilipende. Nililinunua Lindi kwa mtu. Nilikwenda kuliona saa saba mchana, jua la Lindi unalijua, na mwenye gari alikuwa ndiyo kwanza anatoka nalo mahali. Akagusa ufunguo tu, likanguruma. Nikaridhika, nikatoa pesa. Leo nikienda kununua dizeli kuukuu ninafika alfajiri bila kupiga simu, na kabla ya salamu hazijaisha ninaweka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, ninaomba chai, ninangoja ipoe.

Ninaishi Shangani, karibu na bahari, na kwa miezi yote ile mjini gari halikunisumbua. Asubuhi lilikuwa linahitaji kuzungushwa kidogo zaidi ya magari ya wenzangu, nikasema ni uzee. Kumbe joto la pwani lilikuwa linanifichia ugonjwa. Ilipofika zamu ya kulala Newala, kwa mama, kwenye mikorosho ya urithi, ndipo ugonjwa ukajitokeza. Nikirudi Mtwara nalipeleka gereji, fundi anapiga ufunguo, linawaka. Ananiangalia kama mtu aliyempeleka hospitali mtoto asiyeumwa.

Fundi wa kwanza alisema betri. Hakukosea kabisa, betri ilikuwa imechoka. Nikanunua N70 mpya. Stata ikawa inazunguka kwa kasi mpaka raha. Nikapanda Newala kwa kujiamini, na asubuhi nikapata moshi mweupe uleule, sasa mwingi zaidi kwa sababu betri ilikuwa na nguvu ya kuutoa kwa muda mrefu.

Fundi wa pili akasema nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Zikafunguliwa zote nne, zikapelekwa kwa fundi pampu, zikapimwa, mbili zikabadilishwa ncha. Gari likawa jepesi, ulaji wa mafuta ukapungua, sijutii ile pesa. Lakini Newala likagoma. Huyohuyo ndiye aliyepima hita plagi, zile plagi za kupasha zilizofungwa kwenye silinda hedi, akaniambia zote nzima. Niliona kwa macho yangu: aligusisha taa, ikawaka. Kumbuka hapo, nitaparudia.

Katikati ya mafundi hao kuna mimi na ujinga wangu. Asubuhi moja jirani alinishauri nichemshe maji nimwagie pampu ya dizeli. Mama aliposikia alitoka jikoni na mwiko mkononi. Newala, ambako kwa miaka mingi watu wamenunua maji kwa ndoo na kuvuna ya mvua kwenye visima vya kujengea, mimi nataka kuogesha injini! Nikaacha kwa kuona haya tu, nikaja kuelewa baadaye kwamba nilinusurika: ile pampu ina vipande vilivyokaa kwa kubanana sana ndani yake, ukiimwagia maji ya moto upande mmoja inatanuka vibaya, inaweza kukwama au kupasuka.

Siku nyingine dereva wa Fuso akatumia mbinu yake. Alilowesha kitambaa petroli, akakiweka kwenye mdomo wa bomba la hewa, akaniambia piga. Liliwaka kwa mlio ambao sitausahau, kama mtu anapiga nyundo kwenye chungu cha chuma. Dereva akafurahi. Mimi sikulala vizuri usiku ule. Mvuke wa petroli unashika moto mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda, kwa hiyo mlipuko unairudisha chini kabla ya wakati wake. Ringi za pistoni zinakatika hivyo. Na kama hita plagi zako zinafanya kazi, moto unaweza kukurudia palepale kwenye bomba ulikoinamia. Nakumbuka nilivyokuwa nimeinama, nashukuru tu kwamba plagi zangu zilikuwa zimekufa.

Tena nilikuwa na tabia ya kushika ufunguo hadi mkono unauma. Sekunde thelathini, arobaini. Mwisho stata ikagoma: nikizungusha, inasema tik, basi. Ndani ya stata za Toyota za aina ile kuna vipande viwili vya shaba vinavyogusana kupitisha umeme, na mimi nilikuwa nimevila kwa kupiga mfululizo. Vipya ni bei ndogo, kuvibadilisha ni kazi ya nusu saa kwa anayejua. Tangu siku hiyo sipigi zaidi ya sekunde kumi, kisha napumzisha dakika nzima.

Mzee aliyeliponya gari anakaa Newala, pembeni ya mji, hana kibao wala banda. Ujana wake alijifunzia kazi kwenye karakana ya misheni, alikokuwa akitengeneza Land Rover na majenereta. Nilifika kwake saa nne asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeliwasha leo?"

"Limewaka saa mbili, kwa taabu."

"Basi rudi nalo. Lilaze. Nitakuja kesho kabla ya adhana. Gari linalogoma alfajiri haliangaliwi mchana."

Akaja kweli, kwa baiskeli, na mfuko wa rambo wenye spana tano na taa ya indiketa iliyochomelewa waya mbili. Hakufungua boneti. Alikwenda kusimama nyuma, karibu na ekzosi, akaniambia nipige stata kidogo, sekunde tano tu. Nikapiga. Akanusa. Akaja dirishani.

"Njomba, dizeli ipo. Inafika, inanyunyizwa, inatoka nyuma haijaungua. Wewe huna njaa ya mafuta. Huna moto."

Kisha akanieleza kitu ambacho ningekijua mwanzo ningekuwa na pesa zaidi leo. Ukipiga stata asubuhi, angalia nyuma kwanza. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika ila hayapati joto la kuungulia: tafuta hita plagi, tafuta kasi ya stata, tafuta kompresheni, yaani nguvu ya injini kuiminya hewa. Ukipiga na nyuma kukawa hakuna moshi hata chembe, hapo mafuta hayafiki kabisa: tafuta upepo kwenye mipira, tafuta filta, tafuta ile solenoidi ya kuzimia iliyoko kwenye pampu, ambayo ukifungua ufunguo lazima uisikie ikilia tik. Ni safari mbili tofauti, na mimi nilikuwa nimetembea zote mbili kwa wakati mmoja kwa miezi mitano.

Akaongeza kwamba moshi mweupe wa maji ni kitu kingine. Ule wa maji hauwashi macho, unaendelea hata injini ikipata moto, na rejeta inapungua. Wangu ulikuwa unakatika gari likichemka, na rejeta ilikuwa palepale.

Labda nieleze hili la joto kwa asiyelijua. Dizeli haina plagi za cheche kama petroli. Injini inavuta hewa peke yake, inaiminya zaidi ya mara 20, na hewa ikiminywa hivyo inachemka. Umewahi kujaza upepo baiskeli kwa haraka? Shika bomba la pampu chini, linaunguza. Ni hivyohivyo. Dizeli ikinyunyizwa kwenye hewa hiyo inawaka yenyewe. Sasa injini za zamani kama 3L hazinyunyizi juu ya pistoni moja kwa moja, zinanyunyizia kwenye chumba kidogo kilichoko pembeni, na kuta za chumba hicho zikiwa za baridi zinanyonya joto lote. Hita plagi ipo hapo kwa kazi moja, kukipasha chumba kwa sekunde chache kabla ya kupiga stata. Mjini Mtwara, asubuhi hewa ikiwa na nyuzi 25, injini yenye kompresheni nzuri inaweza kujikongoja bila hiyo. Newala kwenye kipupwe haiwezi.

Nikamwambia mzee kwamba hita plagi zilipimwa, zote nzima.

"Alipima akiwa ameutoa huu?"

Alikuwa ananionyesha ukanda mwembamba wa shaba unaopita juu ya hita plagi zote nne na kuziunganisha. Nikajaribu kukumbuka. Hapana, hakuutoa. Aligusisha taa yake juu ya plagi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na taa ikawaka kila mara. Mzee akacheka kimyakimya. Akafungua nati nne ndogo, akaunyanyua ukanda, akaufuta kwa shati lake akauweka kwenye bampa. Akaunga waya mmoja wa taa yake kwenye chanya ya betri, na ule mwingine akaugusisha kwenye kichwa cha plagi ya kwanza. Giza. Ya pili, giza. Ya tatu, taa ikawaka. Ya nne, giza.

Moja tu. Na ukanda ukiwa juu yake, hiyo moja ilikuwa inazijibia zote nne, kama mwanafunzi anayeitikia "nipo" kwa niaba ya wenzake watoro.

Kuzitoa aliniambia tusubiri mpaka gari liwake na injini ipate moto, maana zikiwa za baridi zinabana, na ukilazimisha inakatikia ndani, hapo utashusha silinda hedi. Tatu zilitoka kwa heshima. Ya nne tulimwagia oili, tukanywa chai, tukarudi, tukaigeuza robo mbele robo nyuma kwa karibu saa nzima. Ilitoka na masizi yake.

Kisha akataka kuona kama umeme unafika. Akanituma nifungue ufunguo. Ile taa ya manjano ya dashibodi, yenye umbo la waya uliojikunja, ikawaka na kuzima baada ya sekunde chache, kama kawaida yake. Miezi yote hiyo nilikuwa nikiingoja kwa utiifu izime ndipo nipige. Mzee kule mbele kashika taa yake kwenye mwisho wa waya unaoleta umeme kwenye ukanda: giza. Taa ya dashibodi inahesabu muda tu, haijui kama plagi zimepata moto au hata kama zipo. Tukafuata waya hadi kwenye rilei, ile swichi ya umeme inayoziwasha plagi. Tukaukuta umekatwa, ncha zote mbili zimefungwa utepe mweusi kwa ustadi mkubwa, na vumbi la miaka limeganda juu yake. Mtu fulani, miaka fulani, huko pwani, aliona rilei imeharibika na plagi zinasumbua, akaamua hazina kazi. Kwa pwani alikuwa karibu na ukweli.

Hapo nikafanya kosa la mwisho, na hili ni langu peke yangu. Nilishuka Mtwara kutafuta hita plagi. Duka la kwanza lilikuwa na zinazofanana: urefu uleule, meno yaleyale, bei nzuri. Nikachukua nne. Mzee akafunga rilei mpya, na kwa kuwa kile kifaa cha kuhesabia muda kilikuwa kimebaki kuwasha taa ya dashibodi tu, rilei hakiiamuru tena, akaweka swichi ya kubonyeza chini ya dashibodi. Unabonyeza, unahesabu hadi kumi na tano, unaachia, unapiga. Asubuhi ya kwanza nilibonyeza, nikahesabu, nikagusa ufunguo. Injini haikuzunguka hata mara mbili, ikashika. Hakuna moshi. Kijana mmoja kule nyuma akapiga makofi.

Hali hiyo ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi moshi ulirudi. Tukafungua: mbili zimekufa, na moja ncha yake imevimba kama kiazi, ikawa haitaki kupita kwenye tundu iliyoingilia. Ile ilitoka kwa mzee kuivuta taratibu na mimi kusoma dua. Ingekatika, kipande kingeangukia chumbani na injini ingekitafuna. Tukaifuta kwa petroli, mzee akavaa miwani, akasoma herufi ndogo zilizochongwa mwilini. Volti 6.

Kumbe Toyota za miaka ile zilikuwa na mifumo tofauti. Ipo yenye plagi za volti ndogo, zinazopata moto haraka sana, na kifaa chake kinazipa umeme mwingi kwa sekunde chache tu kisha kinaupunguza. Na ipo ya plagi zinazovumilia volti zote za betri. Kwa macho zinafanana, meno yanaingia. Mimi nilikuwa nazipa plagi za volti 6 umeme wa volti 12 kwa sekunde kumi na tano kila alfajiri. Zilikaa siku tisa kwa ukarimu wao.

Nilirudi mjini na ile iliyovimba mfukoni, nikazunguka maduka matatu nikiuliza volti kabla ya bei. Kijana wa duka la tatu ndiye wa kwanza kunyanyua boksi akalisoma badala ya kunihakikishia kwa mdomo. Nikanunua za volti 12, bei karibu mara mbili ya zile. Hizo ndizo zimo mpaka leo, na huu ni msimu wa tatu.

Ningeishia hapa kama gari lingekuwa na ugonjwa mmoja. Mwezi wa nane mwaka uleule, salfa imebaki mzunguko mmoja, nikabonyeza swichi, nikahesabu, nikapiga. Stata inazunguka, gari haliwaki. Nikateremka kwa hasira kwenda kutukana plagi, nikakumbuka kupita nyuma. Hakuna moshi. Hewa safi kabisa.

Yaani safari nyingine.

Nilifungua boneti, nikaibonyeza pampu ya mkono iliyoko juu ya filta ya dizeli. Ikazama laini, haina upinzani, kama unabonyeza mto. Nikaendelea, mara ishirini hivi, ikaanza kuwa ngumu. Nikapiga, likashika, likatetemeka kidogo, likatulia. Gari lilikuwa linaingiza upepo. Usiku kucha dizeli inateremka kurudi kwenye tenki, asubuhi pampu inavuta hewa.

Lililonichelewesha ni kwamba hakukuwa na tone chini ya gari. Nilitafuta uvujaji kwa tochi, kwa kidole, kwa karatasi ya chooni, hakuna. Mzee akanikumbusha kwamba kutoka tenki hadi pampu dizeli haisukumwi, inavutwa. Tundu la upande wa kuvuta halitoi mafuta nje, linaingiza hewa ndani. Akanifundisha mambo mawili. La kwanza, usiku ule nililaza gari pua likiwa limeelekea chini ya mteremko, tenki likiwa juu. Asubuhi likawaka bila kupapasa pampu. Usiku wa pili tukaligeuza pua juu, asubuhi likagoma. Ugonjwa ukajitaja wenyewe. La pili, aliweka kipande cha mpira unaoona ndani, ule wa kupimia maji wa mafundi ujenzi, katikati ya filta na pampu. Gari likiwa linanguruma ukaona mapovu yanapita, madogomadogo, yamefuatana kama sisimizi. Akamwaga dizeli juu ya kila kiungo kimoja kimoja akitazama mapovu. Alipofika kwenye ile pampu ya mkono, mapovu yakakatika. Ngozi ya mpira iliyomo ndani yake ilikuwa imechanika. Tukabadilisha kichwa chote cha filta kwa kilichotumika, na klipu mbili za mipira tukaziondoa kwa sababu zilikuwa waya za kufungia uzio.

Akiwa hapohapo alifungua kile kizibo cha chini ya filta, yakatoka maji karibu nusu kikombe. Dizeli ya dumu vijijini inakuja na mambo yake. Mimi sasa nayatoa kila mwisho wa mwezi.

Kuna la tatu, dogo, nilipata peke yangu nikiwa Shangani, na ninajivunia kidogo. Nilikuwa nimenunua mita ya bei rahisi kwa ajili ya kujua plagi. Siku moja nikaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, nikamwambia mwanangu apige stata. Mita ikasoma volti 1.4. Hapo ilitakiwa isome karibu na sifuri, hata nusu volti ni nyingi. Maana yake sehemu nzuri ya nguvu ya ile N70 ilikuwa inapotelea njiani, kwenye waya wa erthi. Nikaufungua: ndani ya kichwa chake unga wa kijani umejaa, chumvi ya bahari imekula. Nikapiga msasa pale unapokaa, nikaweka waya mpya mnene, nikapaka grisi. Volti 0.2. Stata ikapata sauti nyingine kabisa, na nikajiuliza ile betri ya zamani niliyoiuza kwa mnunua vyuma ilikuwa imekosa nini.

Sasa ratiba yangu ya alfajiri ni fupi. Nabonyeza, nahesabu kumi na tano, kama kuna baridi kweli narudia mara mbili. Mguu naukandamiza kidogo kwenye mafuta. Likishika silikimbizi, naliacha dakika mbili vijana wapange mabomba. Na jioni, popote nilipo, bado nalaza gari pua chini, hata Mtwara ambako hapana mlima. Mazoea.

Mwaka huu mzee alitaka tupime kompresheni, kwa sababu mwezi wa sita lilitoa moshi kidogo kwa sekunde tatu nne huku plagi zote zinawaka. Tukaazima geji, tukaifunga kwenye matundu ya hita plagi, moja baada ya jingine. Ya kwanza kilo 29 kwa sentimita ya mraba, ya pili 28, ya tatu 29. Ya nne 23. Kwa injini hii chini ya 20 ndiyo mwisho, lakini pia silinda zisipishane zaidi ya 5, na yangu zinapishana 6. Mzee akamimina oili kidogo kwenye tundu la nne, akapima tena, ikapanda hadi 27. Ringi, alisema, siyo valvu. Kisha akakunja geji akaiweka kwenye mfuko wake wa rambo, akaniuliza mikorosho imetoa maua vipi.

Nimemwambia imetoa vizuri, na kwamba minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi tutaangalia bei kwanza, ndipo tuongee habari ya ringi.